FUSE: Fahamu mlinzi wa picha zako ndani ya simu ya Android

Umepakua aplikesheni ya kupamba picha. Imeomba ruhusa, ukabonyeza "Ruhusu" fasta. Je, sasa inaweza kujua nyumba ambayo picha ya mwanao ilipigiwa?

Inawezekana, kwani kamera ikiwa imewashwa lokesheni, picha hubeba ndani yake mahali ilipopigwa. Kwenye Android za kisasa kazi ya kuzuia hilo inapitia FUSE.

Inafanyaje kazi?

Android imejengwa juu ya Linux. Kiini cha Linux, kerneli, ndicho kinachosimamia simu nzima. Kwa kawaida, programu inayopanga na kufungua mafaili hukaa humohumo. Shida ni kwamba kosa dogo ndani ya kerneli linaweza kuzima simu yote.

FUSE, iliyoingia Linux mwaka 2005, inaitoa kazi hiyo nje. Aplikesheni ikiomba faili, kerneli inapeleka ombi kwa programu ya kawaida, inasubiri jibu, kisha inalirudisha. Programu hiyo ikigoma, mafaili yatakwama, lakini kerneli haianguki nayo.

Kwa nini Android iliiacha, kisha ikairudia?

Sababu ya kuiacha ni kasi. Kila ombi lilikuwa linatoka na kurudi, simu inachelewa. Android ikahamia SDCardFS, inayokaa ndani ya kerneli.

Mwaka 2020, Android 11 ikairudisha FUSE kwa ajili ya faragha. Sasa maombi ya mafaili ya pamoja, kama picha na video, hupitia programu iitwayo MediaProvider. Yenyewe huangalia nani anaomba nini. Aplikesheni isiyo na kibali cha lokesheni hupewa picha, ila taarifa ya mahali imefutwa.

Na kasi je?

Android 12 ilileta njia ya mkato. Zamani mlinzi alimkagua mgeni, kisha akambebea na mizigo yote. Siku hizi anakagua getini tu. Mgeni akiruhusiwa, anaingia na mizigo yake mwenyewe. Yaani faili likishakubaliwa, kusoma na kuandika kunapita moja kwa moja kwenye kerneli.

Ufanye nini?

Mlinzi anafuata ruhusa ulizotoa wewe. Ingia kwenye mipangilio, kagua aplikesheni zinazoona picha zako, na kama huihitaji, zima lokesheni ya kamera. Picha isiyobeba lokesheni ndani yake haina lokesheni ya kuvujisha.