Kompyuta Itashauri, Lakini kwa Lugha Gani?

Huenda msomaji akashangaa kwamba mwalimu wa isimu anayeandika kutoka Kware, katika Kaunti ya Kajiado, mamia ya kilomita kutoka pwani, amejitosa katika habari za moto wa melini. Asishangae. Vijana wa bara nao, kama wenzao wa Mombasa na Lamu, wanautafuta ubaharia. Isitoshe, suala lenyewe, ukilichunguza, ni la lugha.

Moto wa melini haufanani na wa nchi kavu. Nyumba ya Kitengela ikishika moto, watu hukimbilia nje na kuwaita wazimamoto. Baharini hakuna pa kukimbilia, na mabaharia ndio wazimamoto. Tena maji wanayomwaga hubaki chomboni yasipopata njia ya kutokea. Mnamo Februari 3, 2006 meli ya al-Salam Boccaccio 98 ilizama katika Bahari ya Shamu baada ya kushika moto. Maji ya kuuzimia moto yalikuwa yamejaa kwenye sitaha ya magari, meli ikapinduka, na watu zaidi ya 1,000 wakaangamia.

Hapo ndipo kompyuta, au tarakilishi kama wengine wapendavyo kuiita, inapofaa. Hupashwa habari na vitambuzi vya moshi na joto, kisha huonyesha kwenye ramani ya meli moto uliko, milango ipi ifungwe, feni zipi zizimwe, na maji kiasi gani yaweza kumwagwa kabla meli haijalala upande. Humkumbusha nahodha kuwahesabu watu wake kabla ya kukijaza chumba cha mitambo hewa ya kaboni, ambayo huua moto na binadamu vilevile. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini huzitaka meli za abiria ziwe na mfumo wa kumsaidia nahodha kuamua wakati wa dharura. Sharti uwepo mpango uliochapishwa. Wa kompyuta waweza kukubaliwa juu ya huo.

Hata hivyo, mashine haishiki bomba la maji. Ushauri wake lazima utoke kinywani mwa nahodha na kueleweka masikioni mwa baharia. Aprili 7, 1990 meli ya Scandinavian Star iliwaka ikitoka Oslo kuelekea Denmark, na watu 159 wakafa. Miongoni mwa kasoro zilizobainika ni kwamba baadhi ya mabaharia hawakujua Kiingereza wala lugha za abiria wao. Mwaka 2001 Shirika la Kimataifa la Bahari liliidhinisha misemo sanifu ya Kiingereza kwa mawasiliano ya melini. Sipingi hatua hiyo. Lakini abiria wa feri ya Likoni na wa vyombo vya Lamu wataokolewa kwa Kiswahili.

Je, Kiswahili chetu kiko tayari? Hebu tulitazame agizo fupi: "Funga mlango!" Kwa Kiswahili cha kila siku, kufunga ni kuuziba mlango tu, na pia ni kuutia ufunguo. Mlango wa kuzuia moto hutakiwa uzibe moshi, lakini aliye nyuma yake aweze kuufungua na kutoka. Atakayeelewa vibaya atamfungia mwenzake motoni. Na kumbe wahenga walikwisha kutofautisha: kuna kushindika mlango, yaani kuurudisha bila komeo, na kuna kuukomea. Maneno tunayo ila tumeyasahau. Vivyo hivyo, wanafunzi hukariri "Kuenda tezi na omo, marejeo ngamani", na wengi wao hawajui kwamba tezi, omo na ngama ni sehemu za chombo.

Kwa hiyo natoa wito. Idara za Kiswahili vyuoni ziketi pamoja na Chuo cha Mabaharia cha Bandari, Mombasa, ziandae orodha ya maagizo ya moto yasiyo na utata, kisha yajaribiwe kwa mabaharia na abiria wa kawaida kabla ya kutiwa katika kompyuta yoyote. Walimu nao, hata wa Kware, wafundishe msamiati wa bahari kama maarifa na si mapambo ya mtihani.

Tusingoje msiba ndipo tukumbuke kusanifisha. Shime, walimu!