Kuitana Nyumbani: Tujifunze kwa Wakorea

Mama msomaji, huenda umewahi kumsikia binti yako akitamka neno "oppa" baada ya kutazama mchezo wa Kikorea katika televisheni. Ukimwuliza maana yake, atacheka na kukuambia, "Ni mpenzi." Hapo amepata nusu tu. Oppa ni kaka mkubwa, na anayelitumia neno hilo ni mwanamke peke yake. Humwita hivyo kaka yake wa tumbo moja, na pia mwanamume aliyemzidi umri kidogo ambaye wamezoeana, akiwemo mchumba. Mvulana hamwiti kaka yake oppa. Yeye husema hyeong.

Kwanza umri

Mkorea hawezi kukuita sawasawa kabla ya kujua umri wako. Ndiyo sababu mgeni huulizwa mapema alizaliwa mwaka gani, wala huo si udaku. Dada mkubwa huitwa eonni na wanawake, nuna na wanaume. Mdogo, awe wa kike au wa kiume, ni dongsaeng. (Herufi eo zisome kama o, ukifungua mdomo zaidi kidogo.) Jambo hili lisitushangaze. Hata sisi tunalo neno wifi, ambalo ni la wanawake kwa wanawake.

Upande wa baba na upande wa mama

Hapa tutajisikia tuko kwetu. Mama ni eomeoni, na watoto husema eomma. Baba ni abeoji, au appa. Kaka mkubwa wa baba ni keun-abeoji, yaani baba mkubwa, na mdogo wa baba ni jageun-abeoji, baba mdogo. Neno kwa neno kama sisi! Shangazi ni gomo. Dada wa mama ni imo, na kwa kuwa imo ni mtu wa karibu, wateja wengi humwita hivyo hata mama anayewapakulia chakula mkahawani. Bibi ni halmeoni; bibi mzaa mama huongezewa oe mbele, maana yake "nje".

Mwanamke akishazaa, majirani humwita kwa jina la mwanawe. Mwenye mtoto aitwaye Minjun ni "Minjun eomma", kama Mama Juma wetu. Tena Mkorea hasemi "mama yangu" bali uri eomma, "mama yetu", hata akiwa mtoto wa pekee.

Penye uchungu

Sasa mfikirie bibi harusi anayeingia kwa wakwe. Hachukui jina la ukoo wa mumewe; hubaki na la baba yake. Lakini ana maneno mengi mapya ya kujifunza. Mama mkwe ni sieomeoni, na mbele yake humwita eomeonim. Shemeji mdogo ambaye hajaoa ni doryeonnim, na wifi mdogo ni agassi. Ni maneno ambayo zamani watumishi waliwaitia vijana wa nyumba ya bwana wao. Basi mwanamke wa miaka 35 humwita kijana wa miaka 20 kama bwana mdogo, ilhali mumewe humwita shemeji yake cheonam tu, pasipo alama ya heshima.

Neno hilo huuma zaidi wakati wa sikukuu za Chuseok na Seollal, ambapo wakamwana wengi hushinda jikoni. Kwa wanawake wa Vietnam na Ufilipino walioolewa Korea mzigo ni mkubwa zaidi, kwani huyajifunza haya yote katika lugha ya ugenini. Wanawake walilalamika, na mwaka 2020 Taasisi ya Taifa ya Lugha ya Kikorea ilitoa mwongozo uliokubali wadogo wa mume waitwe kwa majina yao. Hata hivyo, mazoea ya nyumbani hayaondoki kwa karatasi.

Hesabu ya undugu

Wakorea wana kipimo kiitwacho chon, yaani hatua za undugu. Mzazi na mtoto ni hatua 1. Ndugu wa tumbo moja ni 2. Kaka au mdogo wa kiume wa baba ni 3, ndipo likatoka neno samchon, "hatua tatu". Binamu ni 4, yaani sachon. Je, mume na mke? Hao hawana hata hatua moja kati yao. Wakorea husema hakuna walio karibu kuliko hao. Lakini huonya pia kwamba wakiachana hawana damu ya kuwaunganisha, hurudi kuwa watu baki.

Na kwetu je?

Siku hizi watoto wetu wengi huwaita wote "anti" na "anko". Mtoto hukua asijue yupi ni shangazi, yupi ni mama mdogo, wala nani wa kumkimbilia siku ya shida. Jioni moja keti na wanao, uwahesabie ndugu zao wa pande zote mbili, kila mmoja kwa jina lake la heshima.

Na wewe mwenye mkamwana, jisikilize unavyomwita. Kabla hujamtuma maji, mwite kwa jina litakalomfanya ajue kwamba amefika kwao.