Taya Lililopandikizwa Mfupa Lisiachwe Peke Yake

Akina mama wengi tunaujua uvimbe wa shavu. Mtoto akivimba tunasema ni jino; baba akivimba tunasema ni jino. Mara nyingi ni kweli. Lakini upo uvimbe mwingine unaoota ndani ya mfupa wa taya. Hukua polepole, hauumi, na jino likishang'olewa haupungui. Mmojawapo huitwa ameloblastoma. Huonekana katika hospitali zetu za Afrika Mashariki, na mara nyingi huwapata watu walio katika nguvu zao, wenye miaka 20 hadi 40, hasa katika taya la chini. Kwa kawaida si saratani, lakini ukikwanguliwa tu mara nyingi hurudi. Kwa hiyo mara nyingi daktari hulazimika kukata kipande cha taya pamoja na meno yaliyomo.

Pengo hilo lisipojazwa, kidevu huenda upande, kutafuna huwa taabu na uso hubadilika. Ndiyo sababu mfupa huchukuliwa mahali pengine katika mwili wa mgonjwa mwenyewe ukapandikizwa pale. Kuhusu upasuaji huo watu husimuliana mengi. Yale yanayofuata miaka mingi baadaye husemwa kidogo sana, na ndiyo tunayotaka tuyazungumze hapa.

Mfupa unatoka wapi?

Huweza kutoka ubavuni, nyongani, au mguuni, ambako huchukuliwa mfupa mwembamba ulio kando ya muundi. Mgonjwa huweza kutembea bila mfupa huo, kwa kuwa muundi ndio unaobeba sehemu kubwa ya uzito wa mwili. Mwaka 1989 daktari David Hidalgo wa New York alieleza namna ya kuutumia mfupa huo kutengeneza taya, ukihamishwa pamoja na mishipa yake ya damu, nayo ikaunganishwa na mishipa ya shingoni.

Hapo ndipo penye tofauti kubwa. Mfupa uliohamishwa na mishipa yake huendelea kulishwa na kuishi. Mfupa uliokatwa bila mishipa, kama inavyofanyika mara nyingi kwa kipande cha nyonga au ubavu, hupoteza sehemu kubwa ya uhai wake. Mwili huula kidogo kidogo huku ukijenga mpya mahali pake. Ulaji ukiushinda ujenzi, mfupa hupungua, na baadhi ya wagonjwa hupoteza sehemu kubwa ya ule waliopewa. Kwa hiyo madaktari wengi hupenda kuutumia kwa pengo fupi, lisilozidi sentimita 6 hivi.

Kwa nini huzidi kupungua?

Mwaka 1892 daktari Julius Wolff wa Berlin alitoa kitabu kuhusu jambo hili: mfupa hujijenga kulingana na mzigo unaoubeba. Ni kama njia ya shambani. Ikipitwa kila siku hubaki wazi, isipopitwa huota majani. Taya hupata kazi yake kwa kutafuna. Taya lisilo na meno hukosa kazi hiyo, nalo hukonda. Hata bamba la chuma lililofungwa kushikilia mfupa, likibeba mzigo wote peke yake, huufanya mfupa ulio chini yake ukae bure.

Kwa sababu hiyo wengine huwekewa meno yaliyoshikwa na skrubu za titani zilizozama katika mfupa. Njia hiyo ilianza kwa mgonjwa wa kwanza mwaka 1965, kwa mikono ya Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi. Nguvu ya kutafuna hupita katika skrubu ikaufikia mfupa, nao husaidiwa kudumu. Ni matibabu ya gharama, wala hayamfai kila mgonjwa, lakini tuulize.

Yapo pia mambo yanayoharakisha upotevu huo: tumbaku, ambayo hubana mishipa ya damu, usaha usiotibiwa, na mionzi kwa waliokuwa na saratani.

Dalili za kuangalia

Meno ya bandia yaliyokaa vizuri yakianza kulegea, shavu likibonyea, meno ya juu na ya chini yakiacha kukutana kama zamani, bamba au skrubu ikionekana kwenye ufizi au ngozi, usaha ukitoka, au kutafuna kukianza kuuma, tusingoje. Mfupa uliokonda huweza kuvunjika.

Sisi nyumbani tufanye nini?

1. Tutunze picha zote za eksirei, hata za zamani. Daktari huzilinganisha aone mfupa umepungua kiasi gani.

2. Tusiache kliniki kwa sababu kidonda kimepona. Ameloblastoma yenyewe huweza kurudi hata baada ya miaka 10, na ziara hiyo moja huchunguza yote mawili.

3. Kinywa kiwe safi kila siku, na tumbaku iachwe kabisa.

4. Mgonjwa ale vyakula laini kwa muda aliopangiwa, kisha arudie kutafuna polepole kama daktari anavyoelekeza. Wengine humnywesha uji miaka yote kwa huruma. Taya nalo linahitaji kazi.

5. Maziwa, dagaa, maharage na mboga za majani ni vyakula vizuri kwa mwili wote, lakini havirudishi mfupa uliokwisha kuliwa. Visichukue nafasi ya kliniki.

6. Mama anayetumia dawa za kuzuia mifupa kudhoofika amweleze daktari wa meno kabla ya kung'olewa jino, maana baadhi ya dawa hizo huweza kuliathiri taya.

Binti aliyefanyiwa upasuaji akiwa na miaka 22 anatazamia kulitumia taya hilo miaka 40 na zaidi. Atalila nalo chakula cha harusi yake, na kwalo atawaimbia watoto wake. Wauguzi waliomhudumia siku zile watahamishwa, na majirani watasahau. Anayebaki kukumbuka tarehe ya kliniki mara nyingi ni mama au mke. Basi tuikumbuke. Usipoziba ufa utajenga ukuta.