Injini ikigoma dagoni, mgawo ndio unaoumia

SAA kumi na moja alfajiri boti imesheheni samaki, barafu inayeyuka na mashine haiwaki. Nahodha amevuta kamba mpaka bega linauma. Bandarini wachuuzi wanasubiri, lakini hawatasubiri siku nzima.

Hali hiyo si ngeni kwa wavuvi wa dago, wale wanaohama makwao kwa wiki au miezi kufuata samaki katika maeneo kama Mafia, Kilwa na Songosongo. Nyumbani mvuvi ana fundi anayemfahamu, duka la vipuri linalomkopesha na jirani wa kumvuta. Dagoni mara nyingi hana hata kimoja kati ya hivyo.

Tuchukue mfano. Boti ina kilo 100 za samaki ambao asubuhi wangeuzwa Sh5,000 kwa kilo, yaani Sh500,000. Wakifika mchana barafu imekwisha na mchuuzi akashusha bei hadi Sh3,000, mauzo yanakuwa Sh300,000. Mafuta, barafu na chakula vimeshagharimu Sh150,000, na fedha hizo hutolewa kwanza kabla ya mwenye chombo na mabaharia kugawana. Kwa hiyo kinachobaki cha kugawana kinashuka kutoka Sh350,000 hadi Sh150,000. Bei imepungua kwa asilimia 40, lakini mgawo umepungua kwa zaidi ya nusu.

Nanga kwanza

Mashine ikizima baharini, kazi ya kwanza ni kutia nanga pale kina kinaporuhusu. Boti isiyo na nanga husukumwa na mkondo na upepo hadi kwenye miamba huku watu wote wameinamia injini.

Baada ya hapo yaangaliwe mambo mepesi. Je, kipande cha kamba ya usalama kimekaa mahali pake? Gia iko huru? Tundu la hewa kwenye kifuniko cha tanki limefunguliwa? Mpira wa mafuta umeshika vizuri, na mshale wa pampu ya mkono unaelekea kwenye injini? Pampu ikaminywe mpaka iwe ngumu. Isipokuwa ngumu, huenda tanki ni tupu au mpira unavuta hewa. Choki hutumika injini ikiwa baridi. Ikiwa bado ya moto, choki huweza kuijaza mafuta kupita kiasi.

Mafuta au moto?

Mashine ikiendelea kugoma, plagi ndiyo itakayosema. Ifunguliwe na kutazamwa. Ikiwa kavu baada ya kuvuta kamba mara nyingi, mafuta hayafiki. Chujio na mpira vikaguliwe. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yamezidi au moto haupigi. Ikaushwe, choki irudishwe, kamba ivutwe mara kadhaa plagi ikiwa nje ili petroli iliyozidi itoke, kisha ijaribiwe tena. Plagi nyeusi yenye masizi isafishwe au ibadilishwe. Wakati wa kazi hii sigara na kibatari vikae mbali, kwani mvuke wa petroli hushika moto upesi.

Dagoni petroli mara nyingi hununuliwa kwa madumu, na maji huingia humo kwa urahisi. Kipimo chake ni rahisi: mimina kidogo kwenye chupa nyeupe ya kuonyesha na uiache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo yatakaa chini.

Kwa injini za kuchanganya oili, kipimo cha kitabu cha injini kifuatwe. Kama kimeandikwa 50 kwa 1, lita 20 za petroli zinahitaji mililita 400 za oili. Kuzidisha oili "ili injini idumu" huchafua plagi, na kuipunguza ili kubana matumizi huua pistoni.

Injini ikiwaka, hakikisha maji ya kupozea yanatoka. Yasipotoka, izimwe mara moja.

Sanduku la safari

Kinga ya hasara hii huanza kabla ya kuondoka. Sanduku dogo lisiloingiza maji liwe na plagi mpya, ufunguo wa plagi, kamba ya kuwashia, chujio la mafuta, kipande cha akiba cha kamba ya usalama, bisibisi, koleo na tochi. Makasia au tanga visiachwe pwani kwa kuamini injini.

Kila jioni, maji baridi yakipatikana, injini iendeshwe kwa dakika chache ndani ya pipa la maji hayo ili kutoa chumvi. Kisha mpira wa mafuta uchomolewe na injini iachwe izime yenyewe, kabureta ibaki tupu.

Swali linalobaki ni nani alipe. Mara nyingi mwenye chombo husema ni kazi ya nahodha, na nahodha husema injini si yake. Njia ya haki ni vipuri hivyo kuingizwa kwenye gharama za safari, pamoja na barafu na mafuta, kwa makubaliano ya wote kabla ya kung'oa nanga. Kwa mfano uliotolewa hapo juu, asubuhi moja imekula Sh200,000 za mgawo. Kwa fedha hizo plagi zingenunuliwa za msimu mzima, na chenji ingebaki.