Maua ya Nyika na kikanda chetu: kinga ipite wapi?

Mtu wa Lubumbashi hahitaji kuelezwa kikanda ni nini. Kinauzwa sokoni kikiwa kimekatwa vipande, kinaliwa na bukari au hivi hivi mkononi. Mama anayekipika anajua kazi yake: viazi vidogo vya porini vinakaushwa, vinatwangwa, unga wake unachanganywa na karanga zilizotwangwa, pilipili na soda, kisha unapikwa mpaka unashikana kama keki. Kitu ambacho walaji wengi hawakijui ni kwamba juu ya kila kiazi kile huota ua, na ua hilo ni okidi, ndugu wa yale maua yanayouzwa ghali katika miji ya Ulaya.

Ninaanza na kikanda kwa sababu leo ninataka kuzungumzia kinga, yaani baiskeli, na mahali ambapo gurudumu lake linakutana na ua hilo.

Kaskazini mwa Malawi kuna Hifadhi ya Taifa ya Nyika, kubwa kuliko zote nchini humo, zaidi ya kilometa za mraba 3,000. Msemaji wa Kiswahili akisikia jina hilo anafikiri pori kavu. Huko ni kinyume chake: ni uwanda wa juu wenye vilima vya majani, baridi na ukungu, na mito mingi inayoteremka hadi Ziwa Malawi inaanzia hapo. Kilele cha Nganda kinafika meta 2,605. Ndani ya hifadhi hiyo kumehesabiwa aina zaidi ya 200 za okidi. Na ni moja kati ya hifadhi chache za Afrika ambamo mgeni anaweza kupanda kinga ya milimani, ile inayoitwa VTT, akapita huku pundamilia na pofu wakimtazama kutoka upande wa pili wa kilima. Kambi ya Chelinda ndiyo kituo cha wengi wanaofanya hivyo.

Tatizo ni kalenda. Okidi nyingi huchanua kati ya Januari na Machi, na huo ndio wakati mvua inanyesha kwa nguvu na udongo umelainika. Anayetaka kuona maua anafika wakati njia ni dhaifu kuliko mwezi mwingine wowote.

Wakati wa kiangazi, okidi hizi hazionekani. Majani hukauka, mmea unabaki chini ya ardhi kama kiazi tu. Mvua ikirudi, kiazi cha mwaka jana kinatoa nguvu yake yote ili kuotesha jani na ua, chenyewe kinanyauka. Halafu jani, kwa kupata jua, linatengeneza kiazi kipya kando ya kile cha zamani. Kazi hiyo inafanyika katika miezi hiyo hiyo ya maua. Ukilivunja jani mwezi wa Februari, hukuvunja ua moja la picha. Umekata chakula cha kiazi cha mwaka unaofuata, na mmea unaweza usirudi kabisa. Mbegu nazo si msaada wa haraka: ni ndogo kama vumbi, hazina akiba ya chakula, zinahitaji aina fulani ya kuvu ndani ya udongo ili ziote, na zikiota hupita miaka kabla ya kutoa ua.

Kwa hiyo kosa kubwa la mwendesha kinga huko halitokani na mwendo wa kasi. Linatokea kwenye dimbwi. Njia imejaa maji, mtu hataki kuchafua viatu, anapita pembeni kwenye majani. Anayefuata anaona alama ya tairi, anaifuata. Baada ya wiki chache njia ya upana wa meta moja imekuwa ya meta nne, na maji ya mvua yameshapata mfereji wa kuteremkia. Anayependa maua anatakiwa kupita katikati ya dimbwi, tope limrukie mpaka mgongoni. Ikishindikana, ashuke na kuisukuma kinga hapo hapo njiani. Penye chemchemi na majani yenye maji asiingie hata kwa miguu, maana hapo ndipo mito inapoanzia. Na breki ya nyuma isikamatwe mpaka gurudumu liburuzike; mteremko mmoja wa namna hiyo unachimba kama jembe.

Kuna jambo jingine linaloanza hata kabla ya safari: kuosha kinga. Nyika inasumbuliwa na mimea ya kigeni, hasa miiba ya matunda ya manjano iliyotoka upande wa milima ya Himalaya, na misonobari iliyopandwa zamani. Ndege ndio wanaosambaza sana mbegu za miiba hiyo, lakini tope lililokauka kwenye tairi na chini ya viatu ni gari jingine la mbegu. Osha nyumbani, osha tena kabla ya kuondoka.

Kuhusu wanyama sina mengi ya kusema. Kinga haina kelele, mnyama anaweza kushtuka ukitokea ghafla kwenye kona. Simama, mpe nafasi. Nyika ina chui wengi, basi rudi kambini jua likiwa bado juu.

Msomaji anaweza kuniuliza: kati ya mwendesha kinga na mchimba kikanda, nani anaharibu zaidi? Mchimba, bila shaka. Mahitaji ya Zambia yamefanya wanunuzi wavuke mipaka, na viazi vya okidi vimechimbwa mpaka nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, ambako Hifadhi ya Kitulo iliundwa mwaka 2005 hasa kwa ajili ya mimea. Okidi zote zimo katika mkataba wa kimataifa wa CITES, kuzivusha mpaka kunahitaji kibali. Lakini mchimba anajificha na mlinzi anamtafuta. Mwendesha kinga analipa getini, anasalimiwa, anaingia. Hakuna atakayemfuata kila kilima.

Nyanda za juu za Kundelungu na Upemba, hapa kwetu Katanga, zina okidi za jamii hizo hizo. Siku utalii wa kinga utakapofika huko, dimbwi litakuwa lile lile.

Anayetoka Lubumbashi anapita Kasumbalesa, Lusaka, Chipata, Lilongwe na Mzuzu, kisha Rumphi. Barabara ya udongo ya kupanda uwanda wa juu inakwamisha magari mvua ikizidi. Kama huna haraka ya kuona maua yote, nenda mvua zikianza kupungua, mwishoni mwa Aprili: mengi yatakuwa yamepita, machache yatakuwepo, na njia itakuwa imeanza kukaza. Beba koti zito. Usiku huko ni baridi ambayo Lubumbashi haiijui.