Nani Anamjua Mtu wa Newala?

Semina za ndoa na za vijana katika makanisa mengi nchini zina somo moja lisilokosa wasikilizaji: haiba nne. Mwalimu huandika ubaoni sanguini, koleriki, melankoli na flegmati. Wa kwanza ni mchangamfu, msemaji, mwepesi wa kuahidi na mwepesi wa kusahau. Wa pili anapenda kuongoza, ana haraka, na hasira zake ziko karibu. Wa tatu hutafakari sana, hupenda usahihi na huumia moyoni. Wa nne ni mtulivu asiye na ugomvi na mtu, ila kumwinua kitini ni kazi. Kisha karatasi za maswali hugawiwa, watu hujipima, na kila mmoja hutoka na jina lake. Wachumba nao huelezwa nani anafaa kuoana na nani.

Wenye simu wana kipimo chao kingine, kile cha Myers-Briggs, kinachomgawia mtu herufi nne za Kiingereza kati ya aina 16. Kijana wa Masasi anaweza kujibu maswali hayo akiwa stendi anasubiri gari la Newala, na kabla gari halijajaa ameshaambiwa yeye ni mtu wa namna gani, afanye kazi gani na aogope marafiki wa aina ipi.

Ninaandika juu ya vipimo hivi kwa sababu vinaaminiwa kuliko vinavyostahili. Newala iliyo juu ya uwanda wa Makonde, na Masasi iliyo chini yake penye yale majabali, zina njia za zamani za kumjua mtu. Njia hizo hazijakamilika, na nitasema wapi zinakosea. Lakini katika jambo moja kubwa zimeishinda karatasi.

Tuanze na asili ya hizo haiba nne. Matabibu wa Ugiriki ya kale waliamini kwamba mwili unaendeshwa na majimaji manne: damu, nyongo ya njano, nyongo nyeusi na kohozi. Galen, katika karne ya 2, alihusisha majimaji hayo na tabia za watu. Ibn Sina akayaingiza katika Kanuni ya Tiba aliyoimaliza mwaka 1025, na kupitia tiba ya Kiislamu mafundisho hayo yakafika hadi Pwani yetu, ambako tabibu alimtazama mgonjwa kwa joto na baridi ya mwili wake. Njia ya pili ilikuwa ya kanisa. Ole Hallesby, mwanateolojia wa Norwe, aliandika kitabu juu ya haiba nne kwa macho ya Mkristo mwaka 1940. Mchungaji Tim LaHaye wa Marekani aliendeleza wazo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1966, na vitabu vyake vikaenea katika makanisa ya kiinjili duniani. Elimu ya tiba ilikwisha kuyaacha majimaji yale zamani. Hakuna mtu aliyewahi kupima nyongo nyeusi akaikuta kwa mtu mwenye huzuni. Majina ndiyo yaliyobaki, nayo yanafundishwa kana kwamba msingi wake bado umesimama.

Kipimo cha Myers-Briggs kina wazazi wengine. Mwaka 1921 daktari wa Uswisi, Carl Gustav Jung, alichapisha kitabu juu ya aina za watu: wanaoelekea ndani ya nafsi zao na wanaoelekea nje, wanaotanguliza fikra na wanaotanguliza hisia. Mama mmoja wa Marekani, Katharine Briggs, alikisoma. Yeye na binti yake Isabel Briggs Myers, ambao hawakuwa na mafunzo ya saikolojia, wakakigeuza kuwa orodha ya maswali wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ili watu wapangiwe kazi zinazowafaa.

Jung mwenyewe alikuja Afrika Mashariki mwishoni mwa mwaka 1925. Alipiga kambi katika miteremko ya Mlima Elgon, upande wa Kenya, akazungumza na wenyeji kwa Kiswahili cha kuungaunga. Alitaka ndoto zao. Akauliza, wakamjibu kwamba hawaoti. Akajaribu tena, lakini hakupata kitu. Hatimaye mzee mmoja mganga alimweleza kwamba zamani waganga waliota, wakajua habari za vita, maradhi na mvua. Tangu Wazungu waje hakuna tena haja ya ndoto, kwa sababu bwana DC anajua kila kitu. Jung aliyachukua maneno hayo kwa uzito mkubwa, akayaandika katika kumbukumbu za maisha yake kama dalili ya watu waliopokonywa roho yao.

Huenda Jung alisema kweli. Lakini msomaji wa Newala ataona jambo lingine ambalo bingwa wa nafsi za watu hakulipa uzito. Mgeni wa serikali anakuja na askari, anauliza mambo ya ndani. Mzee mwenye busara anajibu kinachofaa kujibiwa kwa mgeni wa namna hiyo. Jibu lake linaeleza uhusiano uliopo kati ya muulizaji na muulizwaji, na ndoto zake zinabaki kwake.

Karibu miaka mia baadaye jambo hilohilo limepimwa kwa hesabu, na mahali pasipo mbali sana na Elgon. Watafiti wa uchumi Rachid Laajaj na Karen Macours waliwasomea wakulima wa Siaya, magharibi mwa Kenya, maswali ya haiba, kisha wakarudi kwa watu walewale baada ya wiki tatu na kuwauliza tena. Maswali yaliyopima hesabu na ufahamu yalitoa matokeo ya kuridhisha. Yale ya haiba yaliyumba. Kulikuwa na tabia ya kukubali: ukimuuliza mkulima kama yeye ni mtu wa bidii atakubali, na ukimgeuzia swali, kama yeye ni mtu wa kuahirisha kazi, ataelekea kukubali tena.

Laajaj na wenzake waliendelea. Mwaka 2019 walitoa uchambuzi wa majibu ya watu zaidi ya 94,000 katika nchi 23 za kipato cha chini na cha kati, watu waliohojiwa ana kwa ana. Walikuwa wakikagua kipimo kinachoheshimiwa zaidi na wanasaikolojia, cha sifa kuu tano: uwazi wa mawazo, uadilifu katika kazi, uchangamfu, upole na wasiwasi. Katika mahojiano hayo sifa tano hazikujitokeza ipasavyo. Swali la upole lilishikana na la bidii, la bidii likashikana na la uchangamfu. Katika nchi hizohizo, watu waliojibu wenyewe kwa intaneti walitoa picha iliyokaribia ile ya Ulaya na Marekani. Kwa hiyo kasoro haiko katika nafsi ya Mwafrika au ya mwenyeji wa asili wa Bolivia. Mbele ya mkulima kuna mtu mwenye karatasi, na adabu inataka mgeni asikatishwe tamaa.

Sasa mlete mtu huyo mwenye karatasi kijijini Newala. Anauliza: je, wewe hupanga mambo yako mapema? Mkulima wa korosho hupuliza salfa kuzuia ubwiriunga katikati ya mwaka, huokota kuanzia Oktoba, na fedha yake huingia mnada ukishafanyika, maana tangu msimu wa 2007 korosho huuzwa kwa stakabadhi ghalani. Akiuguliwa na mtoto kabla ya mavuno, huuza korosho zikiwa bado mtini kwa mnunuzi wa kangomba, asiyepitia mnadani, kwa bei ya kuumiza. Karatasi itaandika kwamba hana nidhamu ya kupanga. Jirani yake anajua kwamba mwaka uliopita, mtoto alipokuwa mzima, mtu huyuhuyu alisubiri mnada hadi mwisho. Swali halikuuliza habari za mtoto. Maswali ya haiba humtenga mtu na mazingira yake, halafu huyahesabu mazingira hayo kuwa ndiyo tabia yake. Hili ndilo linaloniuma kuliko makosa mengine yote ya vipimo hivi, kwa sababu anayeumizwa nalo mara zote ni asiye na kitu.

Mbona basi mtu akisoma matokeo yake husema, "Ndiyo mimi huyu"? Mwaka 1948 mwalimu wa saikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 kipimo, kisha kila mmoja akapewa maelezo ya nafsi yake. Waliyapa usahihi wa wastani wa 4.26 kati ya 5. Wote walikuwa wamepewa karatasi yenye maneno yaleyale, ambayo Forer aliyatoa katika kitabu cha nyota. Ukimwambia mtu kwamba anahitaji kupendwa, kwamba nje anaonekana imara na ndani ana mashaka, kwamba ana uwezo ambao bado hajautumia, utakuwa umesema kweli kwa karibu kila aliye hai. Waliofuata utabiri wa mnajimu marehemu Sheikh Yahya Hussein kwa miaka mingi wanaijua ladha hiyo. Na ukimrudishia mtu kipimo cha Myers-Briggs baada ya wiki tano, uchunguzi umeonyesha kwamba hadi nusu ya watu wanaweza kupata aina nyingine.

Uwandani mtu hajielezi mwenyewe. Wanaomweleza ni watu. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera kwa asili huhesabu ukoo upande wa mama, na mjomba ndiye aliyemtazama mpwa wake tangu akiwa mdogo. Posa ikija, wazee hawamuulizi kijana kama ni mkarimu. Huuliza kwao: msiba ulipotokea alikuwa wapi, deni alilipaje, shemeji zake wanamsema vipi. Halafu kuna utani. Mtani ana ruhusa ya kumwambia mtu uchoyo wake hadharani, tena matangani, na mwenye uchoyo hana ruhusa ya kununa. Sijui kipimo kingine cha tabia kinachomlazimisha mpimwa kusikia aliyofichwa na marafiki.

Sayansi imefika hapo kwa njia yake. Mwaka 2010 Simine Vazire alionyesha kwamba mtu hujijua zaidi katika yaliyo ndani, kama wasiwasi wake, lakini wanaomzunguka humjua zaidi katika yanayogusa sifa yake, kama akili. Mwaka huohuo Brian Connelly na Deniz Ones walikusanya tafiti nyingi wakaona kwamba maelezo ya watu wengine hutabiri utendaji kazini kuliko mtu anavyojieleza. Afrika Kusini wataalamu walikwenda mbali zaidi: waliwahoji watu wa lugha zote 11 zilizokuwa rasmi wakati huo, wakawasikiliza wanavyoelezana kwa maneno yao, ndipo wakatunga kipimo. Walipata mengi kuhusu mtu anavyoishi na wenzake, mambo ambayo vipimo vya Magharibi huyagusa kwa uchache. Na kwa Watsimane wa Bolivia, wakulima na wawindaji wa msituni, sifa kuu tano hazikupatikana. Zilionekana mbili, wema kwa watu na uchapakazi. Mzee wa Kitangari, huko Newala, akiulizwa habari za kijana anayeposa, sidhani kama angeanzia kwingine.

Nilisema njia zetu zina makosa, na makosa yenyewe si madogo. Jamii inayomjua mtu kwa miaka inaweza pia kumfunga kwa miaka. Aliyeiba korosho akiwa na umri wa miaka 14 huitwa mwizi akiwa babu. Mjane asiyecheka na watu huitwa mchawi, na jina hilo limewagharimu wanawake wengi maisha nchini mwetu. Nje ya uwanda kuna jina la jumla, "mtu wa Kusini", linalobeba uvivu na ushamba wa kubuni, ingawa Lupaso ya Masasi ilimtoa Benjamin Mkapa, aliyeongoza nchi kuanzia 1995 hadi 2005. Huo nao ni upimaji wa haiba, tena hauna hata maswali.

Jando na unyago vilikuwa na jibu kwa ugonjwa huo. Anayetoka likumbi, kambi ya jando, huacha jina la utoto na kupewa jipya, na kumwita kwa la zamani ni kumtukana. Jamii ilikuwa inakiri mbele ya watu wote kwamba mtu hubadilika, na kwamba wanaomjua wanawajibika kumtazama upya. Hata sura ya mtu mzima mwema haikuachwa bila kujadiliwa. Mwaka 1913, Masasi, kasisi Vincent Lucas wa UMCA, misheni ya Kianglikana, alianzisha jando la Kikristo pamoja na mapadre na wazee wa Kiafrika, tohara ikabaki na sala zikaingia. Walibishana muda mrefu juu ya lipi lifundishwe na lipi liachwe. Haiba nne zilipoingia katika semina zetu, sikumbuki ubishi wa aina hiyo.

Kipimo kina nafasi yake. Msichana mkimya akisoma kwamba ukimya si ugonjwa, amefaidika. Wenzi wakianza mazungumzo kwa sababu ya karatasi, karatasi imefanya kazi njema, na inatosha ikomee hapo.

Ombi langu ni kwa wachungaji na walimu wa semina, kwa maofisa wanaoajiri, na kwa viongozi wa vyama vya msingi wanaotafuta karani wa mizani kila msimu unapokaribia. Msimkate mtu jina wala msivunje uchumba kwa sababu ya aina aliyotokea. Waulizeni waliofanya naye kazi, zaidi ya mmoja, wakiwemo aliowaongoza na aliowahi kugombana nao. Muulizeni na yeye lini alibadilika na nini kilimbadilisha, kisha mpeni msimu mmoja mmwone.