Nguvu za Miguu Zisitudanganye

Kila Jumapili alfajiri, kabla jua halijakausha umande, mtu anayesimama kando ya Barabara ya Bagamoyo, kule Tegeta au Bunju, huona jambo la kufurahisha moyo. Wapanda baiskeli hupita makundi kwa makundi, wake kwa waume, makarani, mafundi, walimu na madereva, wakielekea nje ya mji si kwa kutafuta riziki bali kwa kuupa mwili haki yake. Baiskeli tuliyoizoea ikibeba mkaa, maziwa na magunia ingali inabeba hayo, lakini sasa imekuwa pia chombo cha mapumziko ya mfanyakazi. Hilo ni jambo jema, nasi twalisifu.

Lakini katika makundi hayo wamo ndugu zetu wenye maradhi ya shinikizo la damu, ambayo watu wengi huyaita presha. Wako wanaojua kuwa wanayo, na wako wasiojua. Twaandika leo kwa ajili yao wote, maana liko kosa moja linalomnyemelea mpanda baiskeli kuliko mtu mwingine, nalo ni kudhani kwamba mwenye miguu yenye nguvu hawezi kuwa mgonjwa wa damu.

Tusimulie kisa cha mwenzetu mmoja, fundi wa mitambo, mtu wa miaka 52. Alipopimwa mara ya kwanza alikutwa na presha ya 168 kwa 104. Akaandikiwa kidonge cha kumeza kila siku, akaambiwa apunguze chumvi na afanye mazoezi. Akanunua baiskeli, akaipenda kama kijana. Baada ya miezi minne, Jumapili moja, akitoka katika safari ya saa mbili, alipita mahali akapimwa tena. Mashine ikasema 126 kwa 80. Akarudi nyumbani kwa furaha, akamwambia mkewe, "Mama watoto, nimepona. Baiskeli imenitibu." Vidonge vikawekwa juu ya kabati, vikapata vumbi. Naye hakuona tofauti yoyote. Akavipanda vilima vya Pugu kama kawaida yake, na vijana wakamfuata nyuma wakihema. Haukupita mwaka, asubuhi moja aliamka mdomo umepinda na mkono wa kuume hauwezi kuinua kikombe. Kilikuwa kiharusi. Leo yu hai, twashukuru. Lakini mkono ule ulioshika spana kwa miaka thelathini hauwezi tena kubana breki.

Je, ndugu yetu huyu alikosea wapi? Hakuwa mvivu, wala hakuwa mlevi. Alikosea katika hesabu, na hesabu yenyewe kila mtu aweza kujifunza.

Kwanza tuelewe maradhi yenyewe. Damu huenda mwilini kwa kusukumwa na moyo. Namba ya juu ni nguvu ya damu moyo unapojikaza. Namba ya chini ni nguvu inayobaki moyo unapotulia kati ya pigo na pigo. Mtu mwenye 120 kwa 80 au chini kidogo yu salama. Mtu anayekutwa na 140 kwa 90 au zaidi, katika siku mbili tofauti, huhesabiwa kuwa ana maradhi hayo. Msukumo huo mkubwa ukiendelea miaka na miaka, hukakamaza mishipa, hutanua moyo, huchakaza figo na macho, na mwisho huweza kupasua au kuziba mshipa wa ubongo. Na yote hayo huweza kutendeka pasipo maumivu. Tairi la baiskeli twalibonyeza kwa kidole gumba tukajua lina upepo kiasi gani. Mshipa wa damu haubonyezeki hivyo. Kikulacho ki nguoni mwako, nawe usikihisi.

Wala tusidhani kuwa haya ni maradhi ya matajiri na wanene tu. Uchunguzi uliofanywa katika nchi yetu mwaka 2012 ulionyesha kuwa takribani robo ya watu wazima wa miaka 25 mpaka 64 walikuwa nayo. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2024 watu wapatao bilioni 1.4 duniani walikuwa na maradhi hayo, na katika kila watano ni kama mmoja tu ambaye presha yake ilikuwa imedhibitiwa.

Sasa tuje katika baiskeli. Kwamba mwili unaotembezwa hudumu kuliko mwili unaokaa si maneno ya kubahatisha. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walitangaza uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya London. Waliwalinganisha madereva, waliokaa kutwa kitini, na makondakta, waliopanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa kukata tikiti. Walikuwa wafanyakazi wa shirika moja na mabasi yale yale. Lakini makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva, na yalipowapata hayakuwaua upesi kama wenzao. Hivyo elimu hii ya mazoezi, ambayo leo yafundishwa ulimwenguni kote, ilipata msingi wake katika jasho la wafanyakazi wa kawaida.

Mpanda baiskeli anayekanyaga pedeli kwa utaratibu, nusu saa kwa siku, siku tano katika juma, amekwisha timiza zile dakika 150 ambazo Shirika la Afya Duniani lataka mtu mzima azipate. Akidumu hivyo kwa miezi kadhaa, mishipa yake hulegea na moyo wake hupiga kwa nafuu. Kwa mtu mwenye presha, namba ya juu huweza kushuka kwa 5 mpaka 8. Hiyo ni faida kubwa.

Lakini hapa ndipo penye hesabu. Chukua 168 ya fundi wetu, uondoe 8. Zabaki 160, nayo bado ni presha ya hatari. Kidonge kimoja cha kawaida huondoa yapata 9 nyingine. Kupunguza chumvi huondoa kadhaa. Na mara nyingi daktari huongeza kidonge cha pili ili kazi ikamilike. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachotosha peke yake. Kwa hiyo baiskeli ni mshirika wa vidonge, wala si mrithi wake. Presha ikishuka kwa sababu unameza dawa, hiyo ni dalili kuwa dawa inafanya kazi yake, si dalili kuwa haihitajiwi tena. Wako wanaofanikiwa kupunguziwa dawa baada ya kupungua uzito na kudumu katika mazoezi. Lakini uamuzi huo ni wa daktari anayesoma vipimo vya miezi mingi, si wa mgonjwa anayesoma kipimo cha siku moja.

Na kipimo chenyewe cha siku ile kilimdanganya. Mtu akiisha kufanya mazoezi, mishipa yake hubaki imetanuka kwa muda wa saa kadhaa, pengine hata siku nzima, na presha hushuka chini ya kawaida yake. Anayepimwa wakati huo ni kama anayepima kina cha bahari maji yakiwa yamekupwa, kisha akasema hapa hapazami mtu. Presha yafaa ipimwe asubuhi, kabla ya kupanda baiskeli, kabla ya dawa na kifungua kinywa. Keti kimya dakika tano, mgongo umeegemea kiti, nyayo zote mbili sakafuni, mkono umewekwa mezani usawa wa moyo. Usiwe umekunywa kahawa wala kuvuta sigara katika nusu saa iliyotangulia, wala usiwe umebana mkojo. Pima mara mbili kwa nafasi ya dakika moja, uandike namba zote mbili katika daftari. Daftari la juma moja lina maana kwa daktari kuliko kumbukumbu ya mwaka mzima.

Yako na mengine ampasayo mpanda baiskeli kuyajua. Aliyekutwa na presha ya 180 kwa 110 au zaidi asipande baiskeli kwa mazoezi mpaka kwanza ametibiwa ikashuka. Kwa wengine, safari ianze polepole kwa dakika kumi, kisha mwendo uongezwe kwa kiasi ambacho mtu aweza kuzungumza na mwenziwe lakini hawezi kuimba. Penye mlima tumia gia nyepesi, vuta na utoe pumzi bila kuibana, wala usiukamate usukani kama mtu anayepigana na ng'ombe, maana kubana pumzi na kukaza mikono hupandisha presha ghafla. Mwisho wa safari usisimame mara moja. Endelea kukanyaga taratibu dakika kumi, maana damu imejaa miguuni, na anayesimama ghafla huweza kuona kizunguzungu akaanguka, hasa akiwa anatumia dawa.

Dawa nazo zina tabia zake. Atenololi na ndugu zake huzuia moyo usiende mbio. Kwa hiyo anayezitumia asishangae akiona mapigo hayapandi kama ya wenzake, wala asijilazimishe kuyafukuza. Dawa za kuongeza mkojo hupunguza maji mwilini, na katika joto la Dar es Salaam mtumiaji asitoke bila chupa ya maji. Amlodipini huweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Mambo haya yakikusumbua, mwambie daktari akubadilishie. Usiiache dawa kimya kimya. Na tahadhari kubwa ni juu ya vidonge vya maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambavyo wapanda baiskeli wengi humeza kwa ajili ya magoti na mgongo. Hivyo hupandisha presha, na vikichanganywa na baadhi ya dawa za presha huweza kuumiza figo.

Kisha chumvi. Mtu mzima hapaswi kuzidisha gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo tayari ndani ya vyakula. Lakini tazama desturi yetu: safari ikiisha, kundi hukaa penye chipsi na mishikaki, na kichupa cha chumvi huzunguka kama kahawa barazani, kisha bia hufuata. Hivyo faida iliyopatikana kwa jasho hurudishwa kwa ulimi.

Ndugu zangu, katika siku za Uhuru tulifundishwa kuwa adui zetu ni watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Mwaka 1973 wananchi wapatao milioni mbili walikusanyika kando ya redio katika kampeni ya Mtu ni Afya, wakachimba vyoo, wakafyeka vichaka, wakapigana na malaria na kuhara. Adui yule alionekana kwa macho. Huyu wa leo haonekani, lakini silaha zipo. Tarehe 12 Aprili 1945 Franklin Roosevelt, Rais wa Marekani, alikufa kwa kuvuja damu ubongoni, presha yake ikiwa imepanda kwa miaka mingi. Alikuwa na madaktari wake, tena katika nchi tajiri. Lakini dawa nyepesi za kumeza zenye nguvu juu ya maradhi haya zilikuwa hazijapatikana. Zilianza kuenea tangu mwaka 1958. Basi mfanyakazi wa leo mwenye kidonge chake mfukoni ana kinga ambayo mkuu wa taifa kubwa hakuwa nayo. Kuiweka juu ya kabati ipate vumbi ni kuidhulumu nafsi, na ni kuwadhulumu wanaomtegemea.

Kwa hiyo twatoa rai kwa matawi ya Chama na ya vyama vya wafanyakazi. Kila tawi liweze kuwa na siku yake ya kupima presha. Wasimamizi wa kazi wasimhesabie mtu utoro anapokwenda kuchukua dawa. Wanaojenga barabara wawakumbuke wapanda baiskeli, maana haifai kumwambia mtu atafute afya katikati ya magurudumu ya malori. Na viongozi wawe wa kwanza kunyoosha mkono upimwe, ili mwanachama asione haya.

Fundi wetu sasa humeza kidonge chake kila asubuhi, na kila Jumapili mkewe humsindikiza mpaka kando ya barabara kutazama wenzake wakipita. Vijana wakisimama kumsalimu, huwauliza jambo moja tu: "Mmepima kabla ya kutoka?" Swali hilo nasi twaliuliza kwa kila msomaji wetu.